Biringani Ametoa Maoni

Mwalimu Jagarnath alifundisha darasa la sita miaka thelathini na minne, katika shule iliyokuwa kando ya mto, na mjini Labasa, huko Fiji, ilikuwa kazi kumpata mtu ambaye hajawahi kusimamishwa naye juu ya dawati kwa adhabu. Muuza dawa alisimamishwa. Sajini wa polisi alisimamishwa. Mchungaji wa Kimethodisti alisimamishwa mara mbili kwa siku moja, na mara ya pili ilikuwa kwa sababu alicheka aliposimamishwa mara ya kwanza.

Mwalimu alipostaafu, kalamu yake nyekundu haikustaafu. Alisahihisha gazeti kila asubuhi kabla mkewe hajalisoma. Alisahihisha orodha ya vyakula kwenye mkahawa wa stendi. Siku aliposahihisha tangazo la msiba la jirani na kwenda kumrudishia mfiwa mkononi, mkewe Dhanmati aliona yamemfika shingoni.

"Baba Roshni," alimwambia, "andika ya kwako basi, uwaache wenzio wapumue."

Binti yao Roshni, aliyeolewa Sydney, akalidaka neno hilo kwenye simu. "Kweli, Baba. Fungua blogu. Andika habari za Labasa ya zamani. Huku watu wanazililia."

"Blogu ndiyo mdudu gani?"

"Tovuti yako mwenyewe ya kuandikia. Kompyuta niliyokuletea si umeifunika kitambaa tu kama jeneza? Ipeleke kwa Vasiti akufundishe."

"Vasiti yupi?"

"Vasiti yule yule, Baba."

Vasiti alikuwa mwanafunzi wake wa miaka thelathini iliyopita, msichana wa Kifiji wa kijiji cha ng'ambo ya daraja, na Mwalimu aliwahi kutangaza mbele ya darasa zima kwamba kichwa cha mtoto yule ni chujio la chai: yote yanapita, yanabaki majani. Sasa Vasiti alikuwa mama wa watoto watatu, mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta juu ya duka la vitambaa, na watu wa kiwanda cha sukari walikuwa wakimfuata mpaka nyumbani kumwomba msaada.

Ilimchukua Mwalimu wiki mbili kuimeza aibu hiyo. Jumanne moja alivaa shati la kola, akachukua kompyuta, akapanda ngazi za duka. Dhanmati alikuwa naye, kwa kuwa alikuwa na kikapu cha mabiringani cha kupeleka sokoni na basi lilikuwa lile lile. Akaketi kwenye kibao karibu na mlango, kikapu mapajani.

"Bula, Mwalimu!" Vasiti alimsalimu kwa Kifiji, akaruka kutoka kwenye kiti. "Shikamoo, Mama. Karibuni. Nisimame juu ya dawati au nikae tu?"

"Kaa," Mwalimu alisema kwa ukali, kisha akakumbuka kwamba pale si darasani. "Yaani, asante. Nataka blogu."

"Unataka blogu au umetumwa blogu?"

Dhanmati alicheka huko mlangoni. Mwalimu akajitia hakusikia.

Vasiti hakufungua kompyuta kwanza. Alivuta karatasi, akachora nyumba. "Sikiliza, Mwalimu. Kwanza unahitaji anwani, ile ambayo mtu akiiandika anafika kwako, si kwa jirani. Halafu unahitaji kiwanja, maana maandishi yako lazima yakae mahali. Kuna watu wana mashine kubwa zinazokesha zikiwaka, tunapanga nafasi humo kila mwaka. Usipolipia anwani, anachukua mwingine. Usipolipia kiwanja, unavunjiwa."

"Kama mashamba yetu ya miwa," Mwalimu alisema. "Ardhi ya kukodi."

"Ee! Na ardhi yenyewe ni ya ukoo wetu, kwa hiyo uwe na adabu." Vasiti alikuwa akitania, na Mwalimu alitaka kukasirika lakini mdomo ukamponyoka ukatabasamu.

Akachora tena. Juu kabisa, kichwa: jina la blogu na picha, mtu akiingia ajue yuko kwa nani. Chini ya kichwa, menyu, yaani milango ya kuingilia vyumba. Katikati, makala. Kando, kibaraza chembamba cha vitu vidogo vidogo kama sehemu ya kutafutia na orodha ya makala za karibuni. Chini kabisa, miguu: jina la mwenyewe na namna ya kumpata.

"Hapa sasa ndipo watu wanapochanganyikiwa," Vasiti alisema. "Kuna makala na kuna ukurasa. Makala ina tarehe. Ukiandika mpya, inakaa juu, ya zamani inasukumwa chini. Ukurasa hauna haraka. Unakaa pale pale mwaka mzima, kama ule wa kueleza wewe ni nani."

"Mpya inakaa juu?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo msomaji anaanza na mwisho?"

"Anaanza na leo, Mwalimu."

"Kitabu gani kinaanzia sura ya mwisho? Huo ni uvivu wa kufikiri!"

"Rundo la magazeti pale kwako mezani," Dhanmati alisema kutoka mlangoni, taratibu, akipangusa biringani kwa ncha ya sari, "la leo si liko juu?"

Vasiti alimtazama yule mama, kisha akautazama mchoro wake, kisha akamtazama yule mama tena.

Wiki hiyo Mwalimu aliandika ukurasa wa kujieleza. Ulikuwa na urefu wa karatasi kumi na moja na ulianzia kwa babu yake kushuka melini kuja kukata miwa. Vasiti akaupunguza ukabaki aya mbili, na Mwalimu akalala bila kula. Kisha akaleta makala nne alizokwisha kuziandika, na makundi thelathini na sita ya kuzipangia.

"Makundi ni mengi kuliko makala?" Vasiti alishika kiuno. "Hili hapa 'Mafuriko', hili 'Mafuriko Madogo', hili 'Matope'. Mwalimu, kundi ni kama darasa. Shuleni ulikuwa na madarasa mangapi?"

"Manane."

"Ya watoto mia tatu! Basi anza na manne. Hayo mengine yafanye lebo. Lebo ni kama majina ya utani. Mtoto anakaa darasa moja, lakini majina ya utani anaweza kuwa nayo hata matano. Mimi si ulikuwa unaniita Chujio, na wenzangu wakaniita Majani?"

Mwalimu aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta miwani. Somo hilo halikumtoka tena. Akafuta makundi, akabakiza manne: Mto, Shule, Kiwanda, Watu.

Blogu ikafunguliwa mwanzoni mwa msimu wa kuvuna miwa, malori yamejipanga barabarani na mji mzima unanuka sukari inayochemka. Siku ya kwanza haikuja hata nzi. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, Roshni alituma habari kwa jamaa wote, na chini ya makala ya ng'ombe waliokuwa wakivuta miwa yakaanza kuingia maoni.

Muuza dawa aliandika: "Nzuri sana Mwalimu umenikumbusha mbali."

Mwalimu alijibu mara moja: "Koma iko wapi? Nne juu ya kumi. Andika tena."

Na muuza dawa, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, akaandika tena. Akapata sita. Akaandika mara ya tatu, akapata nane na neno "Umejitahidi", akafunga duka mapema siku ile kwa furaha. Lakini wengine hawakuwa na moyo wa muuza dawa. Sajini aliona "Tatu juu ya kumi, mwandiko wa kipolisi", akatoweka. Mchungaji hakuandika kabisa, alisoma kwa kuibia.

Vasiti akapiga simu. "Mwalimu, unafukuza wageni! Maoni si daftari la zoezi. Mtu amekuja kwako, amekaa, amesema la moyoni, wewe unampa alama?"

"Nisipompa alama atajuaje amekosea?"

"Hajaja kujua amekosea! Amekuja kuongea." Akashusha pumzi. "Haya, nakuwekea mlinzi mlangoni. Kila oni litasubiri kwanza nje. Wewe utalisoma, ukilipenda unalifungulia, usipolipenda unalitupa. Ila kalamu nyekundu uiache nyumbani."

"Niko nyumbani," Mwalimu alisema.

Ni katika siku hizo ndipo alipojitokeza msomaji aliyejiita Biringani.

Mwalimu alikuwa ameandika kwamba fahali mkubwa wa bwana Mahabir, aliyewahi kuvunja geti la kiwanda, aliitwa Raja. Biringani akaandika mstari mmoja: "Fahali huyo aliitwa Moti. Raja alikuwa mbwa."

Mwalimu alicheka kwa dharau. Akamjibu kwa aya tatu. Biringani akajibu kwa mstari mmoja: "Muulize Mahabir mwenyewe, yuko hai." Mwalimu akapanda basi, akaenda kumuuliza mzee Mahabir, na mzee Mahabir akasema Moti, Raja alikuwa mbwa, tena alikuwa na jicho moja.

Ikawa hivyo kila wiki. Mwalimu anaandika, Biringani anachokoa. Daraja la waya lilisombwa mwezi wa pili, siyo wa nne. Mkuu wa shule hakuhamishwa, alitoroka na mpishi. Na ajabu ni kwamba watu walianza kurudi. Waliisoma makala haraka haraka ili washuke chini kuona Biringani amesemaje. Sajini akarudi. Mchungaji akaandika "Amina" mbili, na Mwalimu, kwa shida, hakumpa alama.

"Unaweza kumfuta, Mwalimu," Vasiti alimwambia dukani, sauti ikiwa na kicheko alichokificha vibaya. "Bofya hapa, kwisha habari yake."

"Kumfuta? Huyu ndiye mtu pekee mjini anayejua kuweka nukta!" Kisha akainama. "Ila nataka kumjua. Nadhani ni Sahadeo."

Sahadeo alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na wawili hao walikuwa wakishindana tangu enzi za wino wa kuchovya. Mwalimu alimvamia Jumamosi alasiri, akamkuta barazani na wenzake wamelizunguka bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi.

"Biringani ni wewe!" Mwalimu alimnyooshea kidole.

Sahadeo alimtazama, akawatazama wenzake. "Jua limempata. Mpeni kifuu kimoja."

"Usijitie hujui! Blogu yangu! Fahali! Mkuu wa shule na mpishi!"

"Jagarnath ndugu yangu, mimi hata ujumbe wa simu nasomewa na mkwe wangu. Hayo macho ya kukusoma wewe nitayatoa wapi? Na ningekuwa na macho, ningekusoma wewe?"

Wote wakaangua kicheko. Mwalimu akanywa kifuu kimoja, cha pili, cha tano, akarudi nyumbani ulimi umekufa ganzi na jambo lake halijatatuliwa. Dhanmati alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma na simu yake, kama kawaida yake siku hizo. Mwalimu alidhani anatazama tamthilia.

Hapo ndipo Mwalimu alipoamua kuandika ile makala kubwa. Aliiweka kwenye rasimu siku tisa, anaigeuza, anaing'arisha. Ilikuwa habari ya mafuriko makubwa ya ujana wake, na kila mgeni aliyewahi kunywa chai kwake alikwisha kuisikia: jinsi maji yalivyoingia shuleni, jinsi yeye, kijana wa miaka ishirini na sita, alivyojitosa mtoni na madaftari ya mahudhurio ameyauma kwa meno, akaogelea mpaka nyumba ya jirani, na juu ya paa akamkuta msichana analia kwa hofu, akamtuliza. Msichana huyo ndiye Dhanmati. Mwaka uliofuata walioana.

Alibofya kitufe cha kuchapisha asubuhi baada ya chai. Akaenda kumwagilia pilipili. Aliporudi, nje ya mlango wa maoni palikuwa na mmoja anayesubiri.

Biringani aliandika, na safari hii haukuwa mstari mmoja:

"Mwalimu hakuogelea. Mwalimu hajui kuogelea mpaka leo. Mimi sikuwa juu ya paa. Nilikuwa ndani ya maji nikiokota masufuria ya harusi ya kaka yangu yasichukuliwe na mto. Nikamwona mwalimu kijana amekaa kwenye dirisha la shule anamwita mama yake. Nikamsogezea sufuria kubwa la wali. Akaingia. Nikalisukuma hadi nyumbani, maji yananifika kidevuni. Madaftari hayakupona, kwa sababu aliyakalia, na ndani ya sufuria mlikuwa na mchuzi."

Mwalimu aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama. Kisha akakaa. Masikio yalimwaka kama yamepakwa ile pilipili. Alisoma tena lile neno "nilikuwa", akaangalia upande wa jikoni, ambako kulikuwa na sauti ya kifimbo cha kusukumia roti, tap, tap, tap, bila haraka yoyote.

Hakuna aliyekuwa ameyaona maneno yale ila yeye. Mlinzi alikuwa mlangoni. Vitufe viwili vilikuwa mbele yake, kimoja cha kufungulia na kimoja cha kutupa, na kidole chake kilikaa juu ya kile cha kutupa kwa muda ambao baadaye hakutaka kuueleza.

Akabeba kompyuta, akaenda jikoni.

"Mama Roshni."

"Mm."

"Unamjua Biringani?"

"Ondoa hicho kitu karibu na unga."

"Dhanmati!"

Hakuwa amelitamka jina hilo kwa miaka mingi, na mkewe akageuka, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Miaka arobaini," Mwalimu alisema. "Miaka arobaini nasimulia, na wewe umekaa pale pale unamimina chai. Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesemaje? Uko na wageni, umesimama, mikono juu, unaogelea hapo katikati ya sebule. Nikukatize?" Akageuza roti. "Lakini kule uliandika mwenyewe, herufi kubwa: Toa maoni yako. Nikatoa."

"Nani amekufundisha?"

"Wewe. Na Vasiti. Si nilikuwa nimekaa pale mlangoni siku zote? Wewe ulikuwa unabishana, mimi nilikuwa nasikiliza."

Mwalimu alitaka kusema jambo zito. Lililotoka ni, "Mchuzi? Kweli kulikuwa na mchuzi?"

"Wa bata," Dhanmati alisema. "Suruali yako niliifua mara tatu."

Ndipo alipoanza kucheka, yeye kwanza, kisha mumewe, ambaye hakuwa anajua kwamba anacheka mpaka alipolazimika kushika meza. Roti iliyokuwa motoni ikaungua ikawa kaa. Mwalimu akaiweka kompyuta juu ya gunia la mchele, akaelekeza kipanya, akalifungulia oni lile likaingia.

Siku tatu hakutoka nyumbani. Siku ya nne ilibidi atoke kununua mafuta ya taa, na njiani sajini alimpigia saluti kisha akamuuliza kama ameleta chombo cha kuvukia. Sokoni mwanamke mmoja alimpimia sufuria kiunoni, aone kama ataenea. Sahadeo, ambaye mkwewe alimsomea makala yote na maoni yote mara mbili, alikuja mwenyewe na furushi la kava, akaomba aonyeshwe mahali maji yalipofika.

"Mkeo alikusukuma?" alisema. "Mimi wangu angeniacha pale dirishani."

Vasiti alipowaona tena dukani alijishika mbavu. "Sasa, Mwalimu, tufanyeje? Makala ukitaka unaweza kuirekebisha. Blogu si jiwe la kaburi, unaingia, unabadilisha, unachapisha upya."

"Isibadilishwe," Mwalimu alisema. "Weka juu yake mstari: Habari kamili iko kwenye maoni." Akakohoa. "Na kuna jambo jingine. Mtu wa pili anaweza kupewa ufunguo? Wa kuandika. Siyo huku chini kwenye maoni, kule juu."

"Anaweza. Nimwandike kwa jina gani, Mama? Biringani?"

Dhanmati alifikiri kidogo, kikapu mapajani. "Jina langu," alisema. "Lote."

Makala yake ya kwanza ilikuwa fupi, kuhusu wanawake waliokuwa wakifunga miwa alfajiri na watoto mgongoni, na ilisomwa zaidi huko Sydney, Auckland na Vancouver kuliko zote za mumewe zikijumlishwa. Mwalimu aliona takwimu hizo, akaenda kumwagilia pilipili zilizokwisha kumwagiliwa. Lakini jioni alimletea chai, akaketi kando yake, akamwomba ruhusa ya kuweka koma mbili.

"Moja," Dhanmati alisema.

Mwezi uliofuata mwanamke mmoja wa Vancouver aliwaandikia. Alikuwa ameondoka akiwa na miaka saba, na alitaka kujua kama mkwaju uliokuwa nyuma ya nyumba ya baba yake, karibu na kisima cha Vunimoli, bado upo. Mwalimu alisema anaukumbuka vizuri, upo. Dhanmati alisema twende tukaone. Wakapanda basi la saa tatu, wameshika chupa ya chai na bajia kwenye gazeti, wakashuka, wakatembea kati ya miwa mpaka wakapotea, wakaulizia, wakafika.

Mkwaju haukuwepo. Palikuwa na banda la kuku, na kisima kimefunikwa bati.

"Tumwambie upo," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Yuko mbali. Atajuaje?"

Dhanmati alikuwa amekwisha kuinua simu anapiga picha banda, kisima, na kisiki alichokigundua kwenye nyasi nyuma ya kuku, chenye machipukizi mawili membamba. Mwenye banda akatoka kuuliza wao ni nani na wanataka nini na kuku wake.

"Sisi ni wa blogu," Mwalimu alimjibu, akarekebisha kola yake. "Huyu ni mwandishi. Mimi ni wa koma."